Mwenye kisukari anaweza kuzaa salama, ila matunzo huanza kabla ya mimba

MWANAMKE mwenye ugonjwa wa kisukari ambaye hujidunga insulini kila siku husikia maneno ya aina mbili anapofikia umri wa kupata watoto. Wapo wanaomwonya asithubutu kushika mimba, kwamba atakufa yeye au atajifungua mtoto asiye na uhai. Wapo pia wanaomwambia kwamba mtoto ni majaliwa ya Mungu, hivyo ashike mimba kwanza na mengine atayajua akifika kliniki.

Kauli zote mbili zina madhara. Ya kwanza humnyima mwanamke fursa ya kuwa mama pasipo sababu. Ya pili humfikisha kliniki wakati ambapo sehemu muhimu ya kazi ya kumlinda mtoto imekwisha kupitwa na wakati.

Ukweli ni kwamba mwanamke huyu anaweza kubeba mimba hadi mwisho na kujifungua mtoto mwenye afya njema. Hata hivyo, kuna sharti moja: ni lazima sukari iwe imedhibitiwa kabla ya mimba kutungwa. Anayengoja hadi athibitishe kuwa ni mja mzito ndipo aanze kujitunza huwa amechelewa, hata kama hakuna uzembe wowote kwa upande wake.

Kabla ya kuendelea, yafaa tutofautishe mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Kuna kisukari cha ujauzito, ambacho humpata mwanamke akiwa tayari na mimba na mara nyingi hutoweka baada ya kujifungua. Tunachokizungumzia hapa ni kisukari cha aina ya kwanza, ambacho aghalabu huanza utotoni au ujanani. Kongosho la mgonjwa huyu limeacha kutengeneza insulini, ile homoni inayouwezesha mwili kutumia sukari iliyo katika damu. Bila sindano za insulini hawezi kuishi, awe na mimba au asiwe nayo.

Ilivyokuwa zamani

Hofu ambayo wazee wetu wanayo haikuzuka vivi hivi. Kabla ya insulini kugunduliwa mjini Toronto, Kanada, mwaka wa 1921 na kuanza kutumiwa kwa wagonjwa mnamo Januari 1922, wasichana wengi waliopatwa na maradhi haya walifariki kabla ya kufikia umri wa kuzaa. Wachache walioshika mimba walikabiliwa na hatari kubwa ya kufa pamoja na watoto wao.

Insulini ilimwokoa mama, lakini haikumwokoa mtoto mara moja. Daktari Priscilla White, aliyeanza kuwatibu wagonjwa wa kisukari katika kliniki ya Joslin mjini Boston, Marekani, mwaka wa 1924, aliwakuta wanawake ambao takriban nusu ya mimba zao ziliishia kwa mtoto kufa. Alipostaafu mwaka wa 1974, zaidi ya watoto 90 katika kila 100 walikuwa wakiokoka. Badiliko hilo halikuletwa na dawa mpya ya ajabu. Lilitokana na kuidhibiti sukari kwa makini zaidi, kumkagua mama mara kwa mara na kuchagua vyema wakati wa kujifungua.

Mnamo 1989, wawakilishi wa serikali na wa wagonjwa kutoka mataifa ya Ulaya walikutana Saint-Vincent, Italia, wakaweka lengo kwamba matokeo ya mimba ya mwanamke mwenye kisukari yakaribie yale ya mwanamke asiye na maradhi hayo. Lengo hilo bado halijatimia kikamilifu popote, ila njia ya kulifikia inajulikana.

Wiki ambazo hazirudi

Sababu ya kusisitiza matayarisho ya mapema ni jinsi mtoto anavyoumbwa. Wakunga huhesabu umri wa mimba kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Kwa hesabu hiyo, kufikia wiki ya sita mfereji ambao huwa ubongo na uti wa mgongo huwa umekwisha kujifunga. Kufikia wiki ya kumi, moyo huwa tayari umegawanyika katika vyumba vyake vinne.

Sasa tazama mwenendo wa kawaida. Mwanamke hugundua kwamba amekosa hedhi katika wiki ya tano au ya sita. Hungoja kidogo ahakikishe, huenda akanunua kipimo katika duka la dawa, kisha huanza kufikiria ataelezaje nyumbani. Wengi hapa nchini hufika kliniki kwa mara ya kwanza mimba ikiwa na miezi minne au mitano. Wakati huo moyo wa mtoto ulishaumbika kitambo, uwe mzima au uwe na kasoro.

Sukari nyingi katika damu ya mama huvuruga kazi hiyo ya uumbaji. Hata kwa wanawake wasio na kisukari, watoto wawili au watatu katika kila 100 huzaliwa na kasoro kubwa ya maumbile. Kwa mama ambaye sukari yake haikudhibitiwa wakati wa kutunga mimba, uwezekano huo huongezeka maradufu na zaidi, hasa kasoro za moyo na za uti wa mgongo. Uwezekano wa mimba kuharibika katika miezi ya mwanzo nao hupanda. Kinyume chake, kila hatua anayopiga ya kuishusha sukari kabla ya mimba hupunguza hatari hiyo.

Kipimo kinachotumiwa kubaini hali hii huitwa HbA1c. Sukari inapokuwa katika damu, sehemu yake hunata kwenye chembechembe nyekundu, ambazo huishi kwa takriban siku 120. Kwa kupima kiasi kilichonata, daktari hujua wastani wa sukari ya mgonjwa katika miezi miwili au mitatu iliyopita. Ndiyo maana mgonjwa hawezi kukidanganya kipimo hiki kwa kufunga kula siku moja kabla ya kwenda kliniki.

Miongozo ya matibabu ya Uingereza na Marekani hupendekeza kwamba mwanamke aliye na azma ya kushika mimba afikishe kipimo hicho chini ya asilimia 6.5, mradi asiwe anaanguka kwa upungufu wa sukari katika juhudi hizo. Asiyeweza kufika hapo asikate tamaa, kwani kuteremka kutoka 9 hadi 7.5 ni faida kubwa kwa mtoto. Hata hivyo, miongozo ya Uingereza humshauri kwa dhati mwanamke ambaye kipimo chake kinazidi asilimia 10 aahirishe mimba hadi sukari ishuke.

Matayarisho

Kuahirisha mimba kunahitaji njia ya kupanga uzazi. Hili ni jambo ambalo mara nyingi halizungumzwi katika kliniki za kisukari, ilhali ni sehemu ya matibabu. Kijiti kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono au kitanzi huwafaa wengi wa wanawake hawa. Vidonge vya kumeza vyenye homoni mbili huenda visimfae yule ambaye kisukari kimeshadhuru macho, figo au mishipa yake, hivyo ni vyema amweleze mhudumu wa afya juu ya ugonjwa wake kabla ya kuchagua.

Miezi mitatu au zaidi kabla ya kuacha njia hiyo, kuna mambo manne ya kufanya.

Kwanza ni kuanza kumeza tembe za asidi ya foliki, ambayo hupunguza kasoro za uti wa mgongo. Miongozo ya Uingereza humpendekezea mwenye kisukari miligramu 5 kila siku hadi wiki ya 12 ya mimba. Tembe za kuongeza damu zinazotolewa katika kliniki za waja wazito huwa na kiasi kidogo sana cha asidi hiyo, na kwa vyovyote huanza kutolewa baada ya wakati wake kupita. Dozi hii kubwa huandikwa na daktari.

Pili ni kukagua dawa nyingine zote. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu ambazo wagonjwa wa kisukari hupewa kulinda figo, kama vile enalaprili na losartani, zinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Dawa za kupunguza mafuta kwenye damu za jamii ya statini nazo aghalabu husimamishwa. Zipo dawa mbadala za presha zilizozoeleka katika ujauzito, kama vile methildopa na nifedipini. Ni daktari wa kuzibadilisha. Mgonjwa asiziache kwa uamuzi wake mwenyewe.

Tatu ni macho. Kisukari huharibu mishipa midogo iliyo nyuma ya jicho, na ujauzito unaweza kuuharakisha uharibifu huo. Sukari iliyokuwa juu kwa muda mrefu ikishushwa ghafla, hali ya macho inaweza kuzorota kwa muda. Kwa hiyo macho hukaguliwa kabla ya mimba, tena mimba ikiwa changa na tena mnamo wiki ya 28. Kasoro ikionekana mapema hutibiwa kabla mama hajapoteza uwezo wa kuona.

Nne ni figo na tezi ya shingo. Mkojo hupimwa protini na damu hupimwa utendaji wa figo. Mwanamke ambaye figo zake zimedhoofika sana anahitaji kuelezwa waziwazi hatari zinazomkabili, ili yeye na mumewe waamue wakijua.

Insulini haimdhuru mtoto

Kuna dhana ambayo imegharimu maisha, nayo ni kwamba sindano humdhuru mtoto na hivyo mja mzito anapaswa kuzipunguza au kuziacha. Dhana hii haina msingi. Sukari hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto, lakini insulini ambayo mama hujidunga haipiti kwa kiwango cha kumdhuru. Anapoacha kujidunga, kinachomdhuru mtoto ni ile sukari inayobaki.

Katika miaka ya 1950, daktari Jørgen Pedersen wa Denmark alieleza yanayotokea. Sukari ya mama ikiwa juu, ya mtoto nayo hupanda. Kongosho la mtoto, ambalo ni zima, hujibu kwa kutengeneza insulini nyingi. Kwa kuwa insulini pia ni homoni ya ukuaji, mtoto hunenepa kupita kiasi, hasa mabegani na tumboni. Wengi husifu ukubwa wa mtoto wa aina hii, wasijue kwamba ni dalili ya matatizo.

Wengine huogopa kujidunga tumboni wakidhani sindano itamfikia mtoto. Sindano ya insulini ni fupi na huishia kwenye mafuta yaliyo chini ya ngozi. Haifiki kwenye tumbo la uzazi. Anayeona wasiwasi anaweza kutumia paja, mradi aulize kwanza, kwa sababu insulini haisambai kwa kasi moja kutoka kila sehemu ya mwili.

Vipindi vitatu vya mahitaji

Mahitaji ya insulini hayabaki palepale katika miezi yote tisa, na mama asiyelijua hili anaweza kudhani kipima sukari chake kimeharibika.

Baina ya wiki ya tisa na ya 16 hivi, wanawake wengi huhitaji insulini kidogo kuliko kawaida. Kichefuchefu na kutapika huzidisha hali hiyo, kwa sababu mama hujidunga kisha chakula kikatoka. Hiki ndicho kipindi cha hatari kubwa ya sukari kushuka mno. Isitoshe, dalili za onyo alizozizoea, kama vile kutetemeka na kutokwa na jasho, huweza kufifia akiwa mja mzito. Mtu huzungumza ovyo au huzirai bila kutahadharishwa na mwili wake.

Sukari ikiwa chini ya 4 kwenye kipimo, anywe mara moja vijiko vitatu vya sukari vilivyokorogwa katika maji, au nusu kikombe cha soda ya kawaida, apime tena baada ya dakika 15, kisha ale chakula. Walio nyumbani nao wanapaswa kufunzwa: mume, mama mkwe, hata mtoto mkubwa. Akiwa amezirai asitiliwe kitu kinywani, kwa kuwa kinaweza kumkaba. Alazwe kwa ubavu na akimbizwe hospitalini. Ikiwa familia ina sindano ya glukagoni na imefunzwa kuitumia, huu ndio wakati wake.

Kipindi cha pili huanza mimba inapokaribia nusu ya safari. Homoni zinazotoka kwenye kondo huupinga utendaji wa insulini, na dozi hulazimika kuongezwa karibu kila wiki. Si ajabu mama kufikia mara mbili ya dozi aliyoanza nayo, au hata zaidi. Hiyo si ishara kwamba ugonjwa umemshinda. Ni dalili kwamba kondo linafanya kazi.

Kipindi cha tatu huja dakika chache baada ya kondo kutoka. Homoni hizo hukoma, na mama ambaye asubuhi alikuwa akihitaji dozi kubwa anaweza kuanguka jioni akidungwa dozi ileile. Ndiyo maana dozi ya baada ya kujifungua yafaa kuandikwa kwenye faili kabla ya siku yenyewe.

Mimba ikiwa imekomaa, mahitaji ya insulini yakipungua ghafla bila mama kubadilisha mlo, asifurahi. Huenda kondo linadhoofika. Afike hospitalini siku hiyohiyo.

Kupima na kula

Viwango ambavyo miongozo mingi hulenga ni chini ya 5.3 kabla ya kifungua kinywa na chini ya 7.8 saa moja baada ya kula, huku sukari isishuke chini ya 4. Ili kuvifikia, mama hupima mara kadhaa kwa siku: akiamka, kabla na baada ya kula, na kabla ya kulala.

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa kuwa vipande vya kupimia sukari hugharimu pesa nyingi kuliko insulini yenyewe kwa baadhi ya familia. Asiyeweza kumudu vipimo vyote asiache kupima kabisa. Amwombe daktari ampangie vichache vyenye manufaa zaidi, na aviandike kwenye daftari pamoja na chakula alichokula. Daftari hilo ndilo litakalomwongoza daktari katika kubadilisha dozi.

Mwaka wa 2017, utafiti uliofanywa katika nchi kadhaa ulionyesha kwamba waja wazito wenye kisukari cha aina ya kwanza waliovaa kifaa kidogo cha kupima sukari usiku na mchana walijifungua watoto wenye matatizo machache zaidi. Katika mataifa tajiri kifaa hicho kimekuwa cha kawaida. Hapa kwetu wanaokimudu bado ni wachache, lakini funzo lake linamfaa kila mtu: kadiri mama anavyoijua sukari yake, ndivyo mtoto anavyokuwa salama.

Kuhusu mlo, hakuna chakula maalumu cha kununua dukani. Ugali, chapati, wali, viazi na nduma vyote huwa sukari mwilini, hivyo kinachozingatiwa ni kipimo chake. Kipande cha ugali cha ukubwa wa ngumi, sukuma wiki au mchicha kwa wingi, na maharagwe, samaki, mayai au nyama ni mlo unaofaa. Githeri yenye maharagwe mengi kuliko mahindi hupandisha sukari polepole kuliko mkate mweupe. Chai inyweke bila sukari. Maji ya matunda, hata yaliyokamuliwa nyumbani, yawekwe kwa ajili ya kutibu sukari iliyoshuka.

Kwa Waislamu, mja mzito na mgonjwa wana ruhusa ya kutofunga Ramadhani. Mwanamke anayetegemea insulini akiwa na himila yumo katika pande zote mbili za ruhusa hiyo, na wataalamu humhesabu miongoni mwa walio katika hatari kubwa zaidi wakifunga. Vivyo hivyo kwa Wakristo wanaofunga kwa maombi. Ni busara kuzungumza na daktari na kiongozi wa dini mapema.

Ishara ambazo hazingoji kesho

Mama akitapika mfululizo, asiache insulini kwa kisingizio kwamba hajala. Mwili usio na insulini huunguza mafuta na kutengeneza asidi iitwayo ketoni, ambayo inaweza kumuua mtoto tumboni kwa muda mfupi na kumtia mama mahututi. Kwa mja mzito hali hii huweza kuzuka hata sukari isipokuwa juu sana. Kutapika, maumivu ya tumbo, kuhema kwa kasi na pumzi yenye harufu kama ya matunda yaliyoiva mno ni sababu ya kwenda hospitalini usiku huohuo.

Maumivu makali ya kichwa, kuona ukungu au nyota, na kuvimba uso na mikono huweza kuashiria shinikizo la damu la ujauzito, ambalo huwapata wenye kisukari mara nyingi zaidi. Ili kulizuia, madaktari huwaanzishia dozi ndogo ya aspirini ya kila siku kuanzia wiki ya 12. Mama asijinunulie mwenyewe.

Mtoto akipunguza kucheza, hiyo nayo ni dharura. Hatari ya mtoto kufia tumboni katika wiki za mwisho ni kubwa zaidi kwa mwenye kisukari, na ndiyo sababu haachwi apitishe tarehe.

Kujifungua na baadaye

Mtoto hukaguliwa kwa mashine ya picha mnamo wiki ya 20, hasa moyo wake, kisha ukuaji wake hufuatiliwa katika wiki ya 28, ya 32 na ya 36. Ikiwa hakuna matatizo, miongozo ya Uingereza hupendekeza ajifungue baina ya wiki ya 37 na mwisho wa wiki ya 38. Si lazima iwe kwa upasuaji. Wengi huanzishiwa uchungu na kuzaa kwa njia ya kawaida. Mtoto akiwa mkubwa mno, upasuaji huzingatiwa, kwa kuwa mabega yake yanaweza kukwama.

Uamuzi wa mahali pa kujifungulia ufanywe mapema. Zahanati ya kijijini na mkunga wa nyumbani hawawezi kumudu kazi hii. Inahitajika hospitali yenye uwezo wa kupima sukari kila saa wakati wa uchungu, chumba cha upasuaji na mahali pa kuwatunzia watoto wachanga. Anayeishi mbali na hospitali ya kaunti au ya rufaa apange atakapokaa wiki za mwisho. Tangu Oktoba 2024, bima ya NHIF ilipobadilishwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, mama anapaswa kuhakikisha amejiandikisha na kuuliza ni huduma zipi zinazolipiwa, badala ya kuanza kuuliza akiwa na uchungu.

Mtoto akizaliwa, kongosho lake huendelea kutoa insulini nyingi ilhali sukari ya mama imekatika pamoja na kitovu. Sukari yake huweza kushuka vibaya katika saa za mwanzo. Kinga yake ya kwanza ni maziwa ya mama: anyonyeshwe ndani ya nusu saa, kisha kila baada ya saa mbili au tatu, na apimwe sukari kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Kumpa maji au kungoja "maziwa yashuke" ni kumhatarisha.

Mama naye hushuka sukari anaponyonyesha, hivyo aweke chakula karibu naye usiku. Jamaa wanaomletea uji mtamu kwa wema wao waelezwe kwamba uji usio na sukari unamfaa vilevile. Insulini haizuii kunyonyesha. Kuhusu mtoto kurithi maradhi, ni watoto wachache tu katika kila 100 wa akina mama hawa ambao hupata kisukari cha aina hiyo.

Insulini bila jokofu

Wanawake wengi wanaohitaji dawa hii huishi kusiko na umeme. Kwa muda mrefu waliambiwa kwamba asiye na jokofu hawezi kuweka insulini nyumbani. Utafiti wa shirika la madaktari wasio na mipaka, MSF, na Chuo Kikuu cha Geneva, uliochapishwa mwaka wa 2021, uliiga joto lililopimwa katika kambi ya Dagahaley, Dadaab, ambapo nyumbani joto hupanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Ulibainisha kwamba insulini ilibaki na nguvu zake kwa wiki nne. Chungu chenye mchanga uliolowanishwa, kikiwekwa kivulini, husaidia kupunguza joto. Akiba ambayo haijafunguliwa kwa muda mrefu ndiyo inayohitaji baridi, na inaweza kuhifadhiwa katika kituo cha afya kilicho karibu.

Swali moja

Yote yaliyoelezwa hapa yanawezekana katika hospitali nyingi kubwa za Kenya. Kinachokosekana mara nyingi ni mazungumzo ya mapema. Msichana huhudhuria kliniki ya kisukari kwa miaka kumi, akapimwa sukari na uzani na kuandikiwa insulini, pasipo mtu yeyote kumuuliza kuhusu uzazi. Siku anapouliziwa, tayari ana mimba ya miezi mitano.

Mhudumu wa afya anaweza kuliondoa pengo hili kwa swali moja analomuuliza kila mwanamke mwenye kisukari aliye katika umri wa kuzaa, katika kila ziara: "Dada, unanuia kupata mtoto mwaka huu?" Akijibu la, apewe njia ya kupanga uzazi. Akijibu ndiyo, apimwe HbA1c siku hiyo na aandikiwe asidi ya foliki.

Na wewe msomaji ambaye ndiwe mgonjwa, au ambaye binti yako ndiye mgonjwa, usingoje kuulizwa. Utakapokwenda kliniki mwezi ujao, lianzishe wewe. Wahenga walinena, tahadhari kabla ya hatari, na kwa mtoto ambaye moyo wake huumbwa kabla ya mama kujua yupo, hakuna tahadhari nyingine.